Mgongo wa Jesca

Jumapili, 7 Julai 2024. Ikungi

"Mgongo ukishafunguliwa kwa kisu, mtu hatembei tena." Kaka Zefania kasema hivyo leo nje ya kanisa, mbele ya wakwe zake. Uongo! Nikamuuliza: ni nani huyo asiyetembea? Taja jina, taja kijiji. Binti yangu Jesca uti wa mgongo umepinda kama mundu, mbavu zinabana pafu, akienda kisimani anarudi anahema. Kisu kitamuua, au kupinda huku? Nikamwambia vitabuni hakuna hayo, na ujinga haugeuki elimu kwa kuwa msemaji ana mvi. Watu wakacheka. Mkwe wake akatazama chini.

Nimeshinda. Chai nimekunywa peke yangu.

Jumanne, 9 Julai. Hospitali, Dodoma

Daktari katuonyesha picha. Vyuma viwili na skrubu vitaushika uti, unyooshwe polepole huku wakipima kama miguu bado ina fahamu. Hatari ipo, hakuificha. Nimemheshimu.

Jesca kauliza kama atarefuka. Kidogo, kasema daktari. "Basi sketi ya shule itakuwa fupi." Mama yake angecheka sana. Nimecheka kwa niaba ya marehemu.

Alhamisi, 11 Julai

Upasuaji Jumatatu — damu ikipatikana. Muuguzi Asnath anataka ndugu waje wachangie. Mimi wamenikataa, presha iko juu. "Baba, hata na mashine unabishana?" kasema Jesca.

Nimempigia mdogo wangu Gaspari. Hawezi. Kaka mkubwa kasema hakuna wa kupanda basi mpaka nikamwombe radhi mbele ya wakwe wale wale. "Halafu ulimpita bila hata shikamoo, kaka."

Kweli nilimpita. Hoja ilikuwa imeshafika mdomoni.

Ijumaa, 12 Julai

Nimempigia Zefania mwenyewe. Shikamoo, kaka. Akanijibu: "Kwani vitabu vyako havina damu?" Akakata.

Jibu ninalo, kali! Wa kumpa hayupo. Wagonjwa wengine wamezungukwa na shangazi, wajomba, mabakuli ya ugali. Kwetu kuna kiti kimoja, nimekikalia mimi. Jesca anauliza baba mdogo anafika lini. Nimesema kesho.

Zefania! Gaspari! Radhi nitaiomba nikirudi, mbele ya wakwe, mbele ya kanisa zima, kwa magoti mkitaka. Lakini pandeni basi la asubuhi. Nichukieni mkiwa hapa, mmekunja mikono ya mashati.