Gari Nyeusi Bila Muntu Ndani

Kamembe, Rwanda

Kwa Yaya Mwajuma, dada yangu mkubwa, Kasongo, Maniema,

Assalaam aleikum. Barua hii ikufikie ukiwa umekaa, kwa maana sina mwengine wa kumwambia. Mguu wako unaendeleaje? Na mama, anapata usingizi? Sisi huku mwili ni muzima, Mungu asifiwe. Moyo ndio unaopiga vibaya.

Yaya, unajua kazi yangu ni koroboi na majiko ya bati. Basi dereva wa mukubwa mumoja wa hapa, anaitwa Bonaventure, alinikuta kibandani akaniambia bosi wake ni mugonjwa sana, hatoki kitandani, na kitu anachouliza kila asubuhi ni gari yake, ile Pejo nyeusi. Yeye na madereva wenzake walitaka kumupelekea gari hiyo mule chumbani, ndogo, lakini ile ile. "Si ya batoto kuchezea," akasema. "Aione aseme hii ni yangu."

Nilifurahi, usinicheke. Nikaipima kwa mkono: kila shibiri ya gari ya kweli, upana wa kidole changu kwenye ile ndogo. Nililala uvunguni nikitazama bomba la moshi, watu wakipita wananichekelea. Bati nilikata kwenye makopo ya mafuta, matairi ni kandambili, taa za mbele ni balbu za tochi. Milango inafunguka, Yaya. Usukani unazunguka. Kilichonisumbua ni rangi, kwa maana vumbi la hapa halina adabu, ukimaliza kupaka tu linakuja kulala juu yake. Nikawa napaka mvua ikikatika, nafunika na beseni, ikikauka napiga msasa, napaka tena, mpaka mke wangu, Maman Hadija, akajiona humo akarudisha kitambaa chake vizuri kichwani.

Kisha akaja askari anayelinda nyumba ya mukubwa, kuichukua. Akaigeuza, akaisifu. Akafungua mlango wa nyuma kwa ukucha. Akachungulia kiti cha nyuma.

"Na Mzee iko wapi?"

Nikamwambia hamna muntu ndani, ni gari tu.

"Kiti chake umekishona vizuri hivi, halafu kiko bure. Weye unajua nini yenye siye hatujue?"

Wewe unakumbuka baba alivyotukataza kuumba sura ya chenye roho, hata kuku wa udongo alituvunjia. Nikamweleza askari hivyo hivyo, kwamba ni dini yangu. Akairudisha mezani, akasema Ijumaa baada ya swala niilete mwenyewe, nikaeleze dini hiyo mbele ya ndugu za mugonjwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Tangu siku hiyo maneno yanatembea. Wanasema Muislamu wa Maniema amemutengenezea Mzee gari ya safari, ile isiyo na kurudi. Mama anayeuza sambaza, wale dagaa wa ziwa la hapa, karibu na kibanda changu, tuliyekuwa tukitaniana naye kutwa, amehamisha meza yake. Nilimtafuta Bonaventure. Akanijibu akitazama pembeni kwamba yeye aliomba gari, hakuomba kiti kitupu.

Maman Hadija anataka niitupe ziwani. Nikiitupa si watasema nimemuzamisha? Shehe naye ameniambia kwa upole kwamba muntu akilazimishwa, Mungu anaangalia moyo. Basi nikachukua nta, nikafinyanga kichwa na mabega. Macho mikono ilikataa kuyaweka. Nikamkalisha kwenye kiti vile vile. Ee Yaya, muntu asiye na uso, ndani ya gari nyeusi. Mke wangu alitoka nje. Nilimtoa nikamuyeyusha, na mpaka sasa naogopa kufungua ule mlango.

Nitakwenda nayo ilivyo. Nitawaambia kiti nimekiacha kwa sababu mwenye kukijaza ni Mungu, si fundi wa koroboi. Kama watanisikia, sijui. Na mugonjwa akifa kabla ya Ijumaa, hakuna atakayesubiri nieleze.

Nisalimie shemeji, mwambie ile nyundo yake bado inafanya kazi. Nisalimie mama mdogo na binti yake aliyeolewa, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama angali hai. Mama usimsomee barua hii. Mwambie tu nina kazi nyingi. Ukimwambia niko mashakani kwa ajili ya gari, atashangaa, kwa maana anajua hata baiskeli sina.

Sasa ninalokuomba. Katika Kamembe yote, sidhani kuna anayemuombea huyu mukubwa afya kama mimi, hata mke wake hanifikii. Kila sijida namtaja yeye kwanza, mimi na batoto wangu tunafuata nyuma. Nawe ukinyanyua mikono usianze na jina langu. Anza na lake. Apone, ashuke kitandani, akae kwenye gari yake ile kubwa, watu wote wamuone.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukutegemea baada ya Mungu,

Ramazani