Pakiti Ndogo Zilipita

Nyamera Akinyi,

Mzima huko Uriri? Mbita kuna upepo, na samaki wa hapa, ngege, ni watamu.

Jana niliitwa kutengeneza mtandao wa zahanati moja iliyokuwa haipokei majibu ya maabara, ingawa ulionekana mzima. Mama mjamzito alisubiri kujua kama atapelekwa hospitali ya Homa Bay. Nikaandika amri kwenye kompyuta, nikatunga pakiti za data, yaani vipande vya taarifa, mwenyewe na kuzituma moja moja, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Ndogo zilifika, kubwa zikapotea. Nikaiweka mashine ya zahanati itume na kupokea ndogo tu. Majibu yakaingia.

“Mama, damu iko sawa,” nesi akamwambia. “Hauendi mahali.”

Mama akasinzia palepale kwenye benchi. Nilikusanya nyaya polepole nisimwamshe.

Wakumbatie watoto kwa niaba yangu.

Kakako,
Ochieng