Bunduki Inayolifaa Bega Langu

Garland, Texas

Shemeji Kiplagat,

Huku hatujambo. Joto limeanza kupungua, na mwanangu Fiona anakusalimu kwa Kiingereza chake, kama kawaida.

Ulisikia kwamba naenda Colorado na manesi wenzangu kuwinda elki, yule kulungu mkubwa kama ng'ombe. Ukanipigia simu kutoka Houston kuniamuru nibebe 300 Magnum ya marehemu mume wangu, eti ndiyo bunduki ya nyumba ya kaka yako. Niliijaribu, shemeji. Ilinipiga teke la bega hata nikashindwa kumgeuza mgonjwa kitandani. Na kila nilipoishika tena, nilifumba macho kabla ya kufyatua.

Kwa hiyo nimejinunulia 308, bunduki isiyo na nguvu nyingi kama hiyo. Teke lake nalimudu, na macho yangu yanabaki wazi. Usiniambie ni ndogo. Risasi yake ikipita mapafuni elki anaanguka, na mapafu yalipo napajua.

Halafu kuna hili. Nimeambiwa uliwaeleza wazee kule Eldoret kwamba matanga yamekwisha, na desturi ni desturi, kwa hiyo mimi na Fiona tuhamie kwako uwe mume wangu. Mimi hamkuniuliza.

Ile Magnum nimeisafisha na kuipaka mafuta. Ni ya ukoo wenu, sikatai. Njoo Jumamosi uichukue. Katika nyumba hii hakuna kingine cha kurithi.

Ni mimi,
Chebet, mke wa Kipruto hadi leo