Mchicha wa Zizi Tupu

Mugutha, Ruiru
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu,

Asalam aleikum. Nakusalimu kwa mikono miwili, na kabla sijafungua langu nataka kujua lako. Magoti yameacha kukusumbua ukiinuka kwenye mkeka? Lile jicho la kushoto bado linatoa machozi upepo ukivuma? Mvua je? Huku mawingu yanapita kila jioni yakielekea upande wenu, lakini dereva wa lori la ng'ombe ananiambia hayafiki. Mimi niko hai. Nasema hai, sisemi mzima, na mbele utaelewa.

Barua hii nimempa dereva huyo huyo. Atamkabidhi mdogo wangu Abdi mkononi, na Abdi atakusomea. Najua utauliza kwa nini nisipige simu kama watu wengine. Mama, wewe simu unaishika mbali na sikio, unauliza "Umekula?", nikisema nimekula unasema alhamdulillahi na kumpa simu mtu mwingine. Tena neno lenyewe si la simu. Nimelikalia tangu utotoni na sasa limenichosha.

Nianze na tumbo.

Unajua kazi yangu hapa machinjioni ni kisu. Wenye bucha wa huku karibu wote ni Wakristo, lakini wanataka nyama ambayo hata Mwislamu atainunua, kwa hiyo mchinjaji lazima awe mtu wa bismillahi. Wananiita Shehe, mimi niliyetoroka madrasa nikakimbilia mbuzi. Miaka yote hii nimekula kile kile: asubuhi maini, mchana matumbo na ugali, jioni supu ya mifupa. Kila siku natoa majani tumboni mwa ng'ombe kwa mikono yangu, na hakuna hata moja lililowahi kupita kinywani mwangu. Ulilijua hilo, na najua lilikufurahisha.

Tangu Ramadhani iishe choo kilianza kunitoa jasho. Halafu ikaja damu. Mtu anayeona damu kila asubuhi kazini haiogopi, ndivyo nilivyojidanganya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kiliniumbua nusu. Nilianguka asubuhi moja kisu kikiwa mkononi, ng'ombe amekwisha kulazwa na kufungwa miguu, ananitazama. Wenzangu walinipeleka hospitali moja ya Thika. Huko walinipasua na kunikata utumbo, kipande cha urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Walikuta uvimbe. Wameutoa, lakini hakuna aliyekubali kuniapia kwamba hautarudi.

Daktari ni binti mdogo, anaweza kuwa mwanangu. Aliniuliza, "Mzee, mara ya mwisho kula mboga za majani ni lini?"

"Daktari, sijui. Nilikuwa mtoto."

Akacheka, kisha akaona sicheki. "Sasa utaanza. Hiyo tumbo imebaki fupi na imechoka. Nyama kidogo kabisa, mboga kila siku. Hako kavimbe kakirudi, sitakuwa na mahali pengine pa kukata."

Kitanda cha pili alikuwa mzee mmoja mkulima wa Theta, aliyelima kabeji maisha yake yote. Alisikia yote akanigeukia, akasema, "Shehe, mimi nimekula hizo mboga tangu nizaliwe na bado tumelala pamoja." Nilicheka hadi nyuzi zikaniuma. Alikufa Alhamisi kabla ya chai kuletwa, na walipomfunika nikaacha kucheka.

Niliporudi Mugutha, jirani yangu Mama Shiro alinishika kama mtoto wake wa kunyonya. Huyu ni mjane anayeuza mboga kando ya barabara, nje kidogo ya ploti yetu. Mume wake alikuwa na sukari, akakataa masharti, akakatwa mguu, halafu wa pili, halafu mkewe akamzika. Kwa hiyo hana subira na wanaume wakaidi. Anakaa kwenye kiti chake kifupi akikata majani ya sukuma nyembamba kama nyuzi huku akizungumza na wateja, na kisu hakitazami hata mara moja. Mimi mtu wa kisu nakiri, sijaona mkono kama ule.

Sahani ya kwanza alinipa hapo hapo kibandani. Nilitafuna kijiko kimoja kwa muda ambao ningemaliza kuchuna mbuzi.

"Haiya, Shehe! Meza!" akanifokea. "Ni sukuma tu, si dawa ya ng'ombe!"

Nikameza shingo upande. Ikarudi. Siku ya pili ikarudi tena. Akaona njia ya mbele imefungwa, akapita ya nyuma: akakatakata spinachi akaificha ndani ya matumbo. Nikakaa nikiitoa jani moja moja kwa vidole na kuipanga ukingoni mwa sahani, mtu mzima na ndevu zangu. Mama Shiro aliitazama ile sahani. Aliuliza tu, "Shehe, wewe unataka kufa?" Nilikasirika, nikaenda zangu.

Kazini ilikuwa kicheko kitupu. Yule mchunaji wetu mkubwa alisema Shehe ameanza kula majani, afungwe kamba asije akala maua ya mkubwa. Niliwaacha wacheke. Siwezi kusimama muda mrefu siku hizi, kwa hiyo nachinja wawili watatu kisha naketi, na wao ndio wanaoinua kilichobaki bila kulalamika. Mtu anayekubebea kazi yako ana ruhusa ya kukucheka.

Siku ya kurudi kliniki Thika nilimwambia binti yule kwamba nakula mboga kila siku. Akanipima uzito, akanibonyeza tumbo, akauliza, "Mzee, unanidanganya mimi ama unajidanganya?" Nikashusha shati langu. Hata mimi nilikuwa sijui kwa nini chakula kinarudi. Watu wengi hawapendi mboga, lakini wakiambiwa kula au ufe wanakula. Mimi nilitaka kula, na mwili ulikataa.

Wiki iliyopita ndipo nilipojua.

Nilimpitia Mama Shiro mchana. Alikuwa amebandika sufuria, na kabla sijaingia harufu ikanifikia. Nilisimama mlangoni. Nikamuuliza anapika nini.

"Terere," akasema. Ndivyo wanavyouita mchicha huku. "Hii hata sijanunua. Inajiotea tu huko nyuma, pale walikuwa wanafunga ng'ombe."

Mama, nilirudi nyuma nikashika ukuta, nikatapika kitu ambacho sijala. Kisha nikalia. Nililia mbele ya wateja wake, mchana kweupe.

Abdi, ndugu yangu, wewe unayesoma, sasa nakuomba. Usiruke mstari. Sauti ikikukauka kunywa maji, kisha endelea. Wewe ulikuwa hujazaliwa.

Mama, unakumbuka mwaka ambao ng'ombe wetu walikwisha wote. Unakumbuka mvua ilikuja wakati hapakuwa na mnyama wa kula nyasi, na katika zizi tupu, juu ya samadi yao, ukaota mchicha mzito hadi kifuani pangu. Uliuchemsha asubuhi, ukauchemsha jioni, bila chumvi. Alibaki mbuzi mmoja tu, yule wa pembe moja, naye alitoa kikombe kimoja cha maziwa kwa siku. Ulitugawia sawa. Majani sawa, na maziwa nusu yangu na nusu ya dada yangu Halima. Kisha unaondoka alfajiri kwenda kupanga foleni ya chakula cha msaada, na kikombe kile cha bati unaniachia mimi, kwa sababu nilikuwa mkubwa. Nilikuwa na miaka tisa. Yeye alikuwa na mitano.

Halima alipougua tumbo ulinyoosha mikono ukasema majani yamemshinda. Tulipotoka kumzika uliingia zizini ukang'oa mchicha wote kwa mikono, hadi vidole vikatoka damu, ukautupa katika mto mkavu. Ukasema, "Jani limeniulia mtoto. Jani halitaingia tena nyumbani kwangu." Na halikuingia. Mke wangu alipokuja kwako ulimwambia sheria hiyo kabla hujamwonyesha maji yalipo. Wanangu wote wamelelewa hivyo. Nilipotaka kumpa binti yangu jina la Halima ulikataa, nami sikubisha. Nilishukuru moyoni, kwa sababu ambayo huijui.

Mama, jani halikumuua Halima.

Mimi nilikuwa nakunywa kikombe chote. Siku ya kwanza nilikunywa nusu yangu, nikaonja kidogo ya kwake, na kidogo kikawa chote. Aliniuliza, "Ni matamu?" Nikamwambia, "Ni machachu, yatakuumiza." Aliniamini, mimi si ni kaka yake? Majani yangu ambayo sikuyataka nikamsukumia yeye, naye akayala kwa furaha, akidhani nampendelea. Hakuwahi kukataa. Ukirudi jioni unauliza, "Mmegawana?", mimi najibu ndiyo, naye anaitikia kwa kichwa kwa sababu kweli tuligawana: yeye majani, mimi maziwa. Ilikuwa hivyo kila siku, hadi siku aliposhindwa kuketi.

Daktari wa leo labda angesema ni maji ya kisima, au ni kuhara kwa kawaida kwa watoto. Sitaki msaada huo. Nililijua kosa langu siku ile ile ulipokuwa unang'oa mchicha. Nilisimama nikakutazama ukiliadhibu jani, nikafurahi kwamba kuna kingine cha kulaumiwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maziwa.

Mama Shiro ndiye mtu wa kwanza kusikia maneno haya, kwa sababu aliniuliza nikiwa sina nguvu ya kuficha. Hakunipa pole. Aliendelea kuchambua majani yake, kisha akasema, "Na mama yako anajua?"

Nikasema hajui.

"Basi hautameza. Hiyo kitu iko kwa koo. Mwandikie. Ukimaliza, kuja ule."

Nimekuandikia. Sasa nakunja karatasi niende kwake.

Nimerudi, mama. Jua bado liko juu.

Nimekula. Nimekula mchicha sahani nzima na ugali, polepole, na Mama Shiro amefunga kibanda akaketi mbele yangu. Una ladha ya udongo na uchungu kidogo nyuma ya ulimi, ladha ile ile. Nikawa namwona yule mtoto na mikono yake midogo akichota. Haukurudi. Hadi sasa ninapoandika haujarudi.

Sijui kama nitapona. Daktari hajaahidi, na mzee wa Theta alikula mboga zake akafa vilevile. Kwa hiyo sikuombi unisamehe haraka kwa sababu mimi ni mgonjwa. Kama moyo wako unataka kunilaani, nilaani, na Abdi aniandikie hivyo bila kupunguza neno. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, nitaelewa. Lakini kuna jambo moja naomba hata kama hutaki kusikia jina langu. Kiapo chako kilisimama juu ya uongo wangu. Uliapa kwa uchungu wa haki, kwa sababu mimi nilikudanganya. Waachilie wanangu. Mwache mama yao awapikie mchicha mvua ikija. Na wewe ule, mama. Umejinyima miaka hii yote ukidhani unamlinda mtu.

Sasa salamu. Nisalimie mke wangu, na umwambie asisikie haya kutoka kisimani, Abdi amsomee mwenyewe. Wasalimie wanangu, na yule mdogo usimwache acheze na kisu changu cha zamani. Msalimie mjomba, kaka yako, ambaye alitupa mbuzi wa kuanzia tena. Msalimie shangazi wa nyumba ya pili aliyemwosha marehemu. Mwalimu wa madrasa mwambie mtoro wake anasali. Abdi, wewe jisalimie mwenyewe, na pole kwa mzigo niliokubebesha.

Na Halima, mama. Ukiweza kutembea, au ukibebwa, nenda pale tulipomlaza, chini ya mawe yale matatu. Msalimie. Mwambie kaka yake anasema maziwa yalikuwa matamu. Mwambie majani yangu sasa nayala mwenyewe.

Ni mimi mwanao uliyemwachia kikombe,
Hassan