Siku Niliyolitaja Jina la Baba Mkwe

Tunduma, Jumatano, mwezi wa Julai 1952

Upepo na vumbi tangu asubuhi, na baridi ya kukata masikio. Jicho langu la kushoto halifunguki. Ulimi nao hautulii, kila mara unakwenda kwenye pengo la jino ambalo asubuhi nilikuwa nalo. Nimeketi jikoni kwa mama Nambela, mjane wa Kinamwanga anayelaza wasafiri, na naandika kwa penseli niliyoazima kwake. Tabita, binti yangu wa miaka miwili, yuko mgongoni. Nikijaribu kumshusha anapiga kelele, nami simlaumu, kwa aliyoyaona tangu jana.

Nina hasira. Nikimwona Mose tena leo nitamtafuna kwa meno niliyobakiwa nayo.

Lakini hasira si yote. Kuna jambo nimelifanya leo, na nisipoliandika sitalala.

Mume wangu Yona yuko Rhodesia kwenye migodi ya shaba, mwaka wa tatu sasa. Mwezi wa nne alituma neno kwamba amepewa nyumba ya wenye familia, chumba na jiko. Ila mke asipoonekana kabla ya Agosti, nyumba anapewa mwingine na yeye anarudi bwenini. Akatuma pia karatasi ya mgodini yenye muhuri, imeandikwa jina lake, kijiji chake Hasamba na jina la baba yake. Karatasi hiyo niliishona kwenye upindo wa gauni la kushindia ili isipotee, na Mungu alinipa akili siku ile.

Basi nikaanza kujiandaa. Nilikwenda Isansa kwa mama mmoja aliyekaa huko migodini miaka mingi, nikamuuliza maswali hadi akachoka. Akaniambia, mwanangu, usijitwishe masufuria, kule yapo tele. Beba mbegu za maboga na maharage ya kwetu, maana ya kule yanachemka kutwa na hayaivi. Akanionya kuhusu jiko la makaa, nisilale nalo mlango ukiwa umefungwa. Akanifundisha kuamkia kwa Kibemba, "mwapoleni mukwai", na kushukuru, "natotela", huku akiucheka ulimi wangu wa Kinyiha mpaka machozi yanamtoka.

Nikaenda kuchanjwa ndui, mkono ukavimba na bado nikapalilia nao. Nikakausha viazi, nikakaanga karanga, nikasaga ulezi. Mchungaji akaniandikia cheti cha ndoa upya kwa sababu cha kwanza kililiwa na mchwa. Nikajitazama nikasema, mwanamke aliyejiandaa hivi nani atamrudisha mpakani? Lo, kiburi!

Mose ni mdogo wake Yona, shemeji yangu. Tangu Yona aondoke, mimi ndiye ninayelima kahawa ya nyumba zote mbili, na yeye analima pombe. Alipoona nimetoa sanduku la bati nje kulifuta vumbi, alijua mtumishi wake anaondoka.

"Mke akienda migodini harudi," akasema. "Haya, nenda. Mtoto anabaki. Huyo ni ng'ombe wa ukoo wetu."

Nikamwambia, thubutu.

Jana asubuhi nilikuwa natwanga. Mose akaingia uani, macho mekundu, pombe inanuka hadi kwenye kinu. Akabeba sanduku, akalimwaga lote kwenye moto niliotengea maji. Mbegu, gauni la kanisani, kofia ya mtoto, cheti cha ndoa. Nikamrukia. Akanishika nywele, akanitia ngumi ya jicho, akanibwaga chini. Akanichana gauni kutoka shingoni hadi kiunoni, akaanza kunikanyaga mbavu, na kila teke analisindikiza na neno: nani, atalima, kahawa, yangu.

Mbavu zitapona. Linaloniuma ni hili. Baba mkwe alikuwa nje ya ua, nilimsikia. "Mose, mwache! Mwache mke wa kaka yako!" Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hakuingia.

Aingieje? Kwetu mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Tangu niolewe pale sijui pua ya mzee yule ikoje. Tukikutana njiani mimi naingia majanini, nachuchumaa, nainamisha kichwa hadi apite. Jina lake silitamki, hata nikiwa peke yangu shambani. Lakini Tabita alipougua kifua, mzee huyo ndiye aliyesimama kwenye mvua nyuma ya ukuta wangu, akiuliza kila baada ya muda, "Mtoto anapumua?" Nami namjibu kupitia ukuta. Mkwe mwema kama huyo wanawake wenzangu wananionea wivu.

Na jana nilikuwa nusu uchi. Alilia pale nje, mtu mzima, kisha akavua blanketi alilojitanda na kulirusha juu ya ua ili nijisitiri.

Mose akageuka kutazama kilichoanguka. Nikaokota mchi.

Sijutii. Pigo la kwanza lilimpata begani, nikasikia mfupa. La pili nililiteremsha kwenye goti, akaanguka kwenye chungu cha maji kikapasuka. Angeinuka, ningempiga la tatu, na huenda sasa ningekuwa naandika haya nikiwa gerezani. Hakuinuka. Nikalifunga gauni kwa fundo, nikamfunga Tabita mgongoni kwa blanketi la babu yake, nikashika njia ya Tunduma bila viatu.

Njiani mke wa mwalimu mmoja alinipokea, akanishonea gauni, akatupa uji na mahali pa kulala. Alinitazama jicho tu, akaguna.

Leo asubuhi nimefika ofisi ya mpakani. Walinitangulia wanawake wawili, wote wakarudishwa kwa kukosa cheti. Mmoja alibishana, tarishi akamsukuma kwa mguu hadi akaangukia mtaroni, na watu wakacheka. Ilipofika zamu yangu nikafumua upindo, nikampa karani ile karatasi ya Yona. Karani ni kijana wa Kibemba, suruali imepigwa pasi.

"Cheti cha ndoa?"

Nikasema kimeungua.

"Iwe, we mama, kila siku hapa vyeti vinaungua." Akasema wapo wanawake wanaookota karatasi za wanaume na kujifanya wake zao. Basi atanipima. Jina la mume? Nikataja. Kijiji? Nikataja. Baba wa mume wako anaitwa nani?



Jamani! Miezi yote ile nimejiandaa kwa kila kitu, chanjo, makaa, maharage, salamu za watu, na halikunipitia kichwani kwamba karani ataniuliza hilo. Mwanamke gani wa Kinyiha angefikiri kwamba kuna mtu duniani wa kumuuliza hilo?

Mlangoni alisimama askari, Mnyiha mwenzangu, namjua kwa matamshi. Nikamsihi kwa Kinyiha anielezee kwa karani. Akaeleza taratibu, anatazama buti zake, kwamba kwetu ni mwiko mkubwa, mke hamtaji baba wa mumewe. Karani akachovya kalamu.

"Mwiko wenu uacheni kwenu. Mimi hapa naandika majina. Mama, jina tu linakushinda?"

Hapo ndipo Mose alipoingia. Alikuwa amepanda lori la kahawa, mkono mmoja umening'inizwa kwa kitambaa, wa pili una rungu. Akawaambia watu wote mle ndani kwamba mimi si mke wa mtu, ni malaya niliyeiba mtoto. Halafu akanisogelea, anachechemea, anatabasamu.

"Kama ni mke wa kaka yangu, amtaje baba yetu. Tumsikie."

Alijua siwezi. Mwiko wa kumheshimu baba yake mwenyewe amenifungia nao mlango. Akaweka rungu kwapani, akamshika Tabita mguu, akavuta. Mtoto akalia kilio sijawahi kukisikia, na blanketi likaanza kulegea mgongoni.

Nikalitaja.

Nililitaja kwa sauti, mbele ya wanaume, jina lote, lake na la ukoo. Hapa siliandiki.

Askari akafumba macho. Tabasamu la Mose likafutika, akabaki mdomo wazi, nadhani hata yeye hakutaka kulisikia. Kisha akaniachia rungu la mdomo. Jino likatoka papo hapo, nikaanguka magoti, nikaangalia tu nisije nikalala juu ya mtoto. Aliponirudia kumvuta Tabita nikamng'ata kiganja, nikang'ang'ania hadi nikasikia damu, sijui ni yake au yangu. Askari akaja na kiboko akamtandika Mose kuanzia mezani hadi barabarani, na huko nje nilisikia akiendelea kumtandika. Aliporudi alinichapa na mimi kimoja, mgongoni mwa mkono. Hakusema kwa nini, nami sikumuuliza.

Karani akafuta tone la damu kwenye karatasi ya Yona, akalinganisha jina, akagonga muhuri.

"Mbona lilikuwa jepesi?" akasema.

Ningekuwa na ule mchi!

Basi kibali ninacho. Lori linaondoka kesho asubuhi na dereva amekubali nikae mbele kwa ajili ya mtoto. Nilipofika hapa kwa mama Nambela nilikuwa nalia, akanichemshia maji ya chumvi, akawa ananisafisha mdomo kwa kitambaa. Akaniuliza, mama Tabita, umeshapata, unalia nini tena? Nikamwambia nililolitaja na mahali nilipolitajia.

Akaweka bakuli chini. Kitambaa akanipa nijisafishe mwenyewe.

Hakunitukana. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba hata kwao ni vilevile. Aliyelitaja anarudi nyumbani na kuku na pombe, mkwe mwenyewe ampokee na kumsafisha, la sivyo asikanyage ule ua tena. Na mzee akipatwa na neno kabla ya hapo, hata mafua tu, watu watajua limetoka wapi. Nilikuwa nayajua hayo yote.

Siwezi kurudi. Nikirudi kutafuta kuku, nyumba ya Yona inakwenda na Mose ananisubiri na mkono wake uliobaki. Siwezi kutuma mtu, maana ujumbe wenyewe ataufikisha nani kwa mzee, na aanzeje? Mose yuko njiani kurudi Hasamba. Atamwambia baba yake kwa furaha, tena ataongeza chumvi. Mzee atakaa nje ya nyumba yake jioni hii bila blanketi, atasikia kwamba mkwewe amelirusha jina lake ofisini mbele ya wanaume. Sijui atalia tena au atanilaani. Akinilaani nitamwelewa.

Mimi naomba Mungu asiugue. Nimeomba tangu nilipokaa hapa, na nikimaliza kuandika nitaomba tena.

Nimejaribu kufikiria nyumba yetu mpya, chumba na jiko, na siioni vizuri. Namwona Yona tu, amesimama pale lori litakaposimama. Atamchukua mtoto. Ataniuliza jicho lina nini, na hilo nitamjibu bila shida, nitamwambia mdogo wako. Kisha ataniuliza kama mwana yeyote anavyouliza akipokea mtu wa nyumbani: baba hajambo?

Nitamjibu nini?