Figo Lako la Kushoto

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nzito za mdogo wako, mwanamume mwenye bahati kuliko wote waliowahi kushika spana. Nani mwingine anatembea na mafigo matatu, mawili yake yaliyogoma na moja la dada yake? Hujambo lakini? Lile kovu la ubavuni bado linakuwasha kukiwa na baridi? Shemeji na wapwa wangu wazima? Nasikia umerudi kukanda unga pale kwenye kiwanda cha mikate, na msimamizi wako bado ana mdomo kama tanuri. Mwambie namsalimu.

Umeuliza tena, kama katika kila barua, iwapo mgeni wako hajambo. Sijasahau siku ile wodini uliponiambia, huku umejishika ubavu, kwamba umeniletea mgeni nimtunze, nisimlaze njaa.

Unanijua, shule niliiachia darasa la sita, ila mabomba hakuna wa kunifundisha. Wagonjwa wenzangu niliwaeleza mwili wote: moyo ni pampu, mishipa ni mabomba, figo ni chujio. Daktari alinisikia akacheka, akasema figo halichuji tu. Linapima maji na chumvi, linashikilia presha, na hata mifupa linaiagiza itengeneze damu. Nikamjibu basi huyo si chujio, huyo ni msimamizi wa jengo zima. Wodi nzima ilicheka.

Alisema pia kwamba mwili una walinzi wake, na mgeni wasiyemjua wanamshambulia. Vile vidonge vya asubuhi na jioni ndivyo vinavyowapoza, na nitavimeza mpaka kaburini. Nikaitikia vizuri kabisa.

Mwaka mzima nilimeza, dada, naapa. Lakini vilinitetemesha mikono. Spana inagonga bomba kama kengele, na kazini wakaniita Mtetemeko, wakaniuliza kama nafunga koki au nacheza ngoma. Mimi, fundi niliyekuwa naitwa mpaka kwa wakubwa!

Ndipo nikawaza kifundi. Ukiunga bomba, unalibana kwa kibanio mpaka gundi ishike. Ikishashika unakitoa, na ukikiacha watu wanakucheka. Nikajiambia mwaka umepita, gundi imeshika, vidonge ni kibanio tu. Nikaacha. Sikumuuliza mtu.

Mikono ikatulia. Wiki tatu nilikuwa mfalme, nikawaambia wenzangu madaktari wanatutisha bure. Kisha miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia, mkojo ukawa wa kijiko. Daktari alipopima hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema walinzi wamekuwa wakimbomoa mgeni siku zote zile nilipokuwa najisifu. Wakanitundikia dawa kali siku nyingi. Haikusaidia.

Figo lako la kushoto limekufa, dada. Nimeliua mimi. Sasa huu ni mwezi wa nne tangu life, na barua tatu nilizokuandikia ndani ya miezi hiyo, zile za mgeni hajambo, anakula, ananenepa, niliziandika nikiwa kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu. Nafungwa pale mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Mashine ukubwa wa kabati inahangaika na kazi iliyofanywa na kitu chako kisichozidi ngumi, na bado natoka pale nimechoka kama nguo iliyokamuliwa. Maji napimiwa kwa kikombe. Fundi maji, dada, napimiwa maji! Nikipita mahali koki inavuja, nasimama kuitazama.

Umeandika kwamba mwisho wa mwezi unakuja kunitazama. Mkono wangu umejaa alama za sindano na hakuna shati la kuuficha, ndiyo maana nakuandikia ukweli kabla hujaja. Mdogo wetu wa mwisho usimwambie. Atataka kunipa figo lake, na mimi sistahili kukabidhiwa hata birika.

Wewe umebaki na moja. Kunywa maji ya kutosha, presha ipimwe, na asikudanganye mtu kuhusu dawa, hata awe fundi. Wabusu wapwa wangu. Shemeji mpe pole, yeye alikukataza na hukumsikia. Ukija, nitakuwa pale kwenye mashine, kwenye kiti cha pili kutoka dirishani. Usipokuja sitauliza.

Ni mimi mdogo wako,
Mtetemeko

Ile bahati niliyojisifia pale juu ni uongo, dada. Sina.