Futi Iliyoning'inia Shingoni Mwangu

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute umekaa, na kama umesimama, vuta kiti kwanza, maana barua hii si fupi na magoti yako nayajua. Sisi huku wazima. Mke wangu anakusalimu, anasema kikohozi kimemwacha, mume ndiye bado hajamwacha. Mkamwana wangu anakusalimu, wajukuu wanakusalimu, hata jirani yangu fundi viatu, ambaye hujawahi kumpenda, anakusalimu, nami nimeiweka salamu yake hapa kama ilivyo, sijaipunguza wala kuiosha. Wewe hujambo? Mguu je? Usinijibu kwa mazoea. Nauliza kweli.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nakujua, dada. Kwenye simu neno likikuudhi unasema mtandao mbaya, halafu unakata. Karatasi haina mtandao. Na mwandiko huu ukiuona kama kuku kapita na wino miguuni, jilaumu mwenyewe, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha herufi uani kwa kuchora vumbini, baada ya mimi na shule kuachana darasa la nne kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Barua yako niliipata, nimeisoma mara tatu. Unasema mwanao anakusumbua uende zahanati, kisa kiu haikwishi, nyayo zinawaka moto, na kidonda cha kidole kina mwezi hakijafunga. Wewe umemjibu kwamba ni uzee tu, na ushahidi unao. Umeandika kwa herufi kubwa kama tangazo la msiba: wakati wa harusi yake kiuno chako kilikuwa inchi arobaini na nne, na mwaka juzi nilipokupima kilikuwa arobaini na mbili, sasa mtu aliyepungua aende kwa daktari kutafuta nini? Kisha ukamalizia kwamba futi ya mdogo wako haijawahi kusema uongo.

Hayo maneno ya mwisho nitayarudia. Kwanza nikupe habari zangu ucheke kidogo, maana huko mbele sina hakika kama utacheka.

Kile kiti changu cha cherehani kimekufa. Kilikufa kazini, mbele ya watu, mimi nikiwa juu yake. Ilikuwa asubuhi, benchi limejaa wateja, mwalimu mkuu amekuja kuchukua suruali na mama wawili wamekuja na vitambaa vyao. Bobini ikanidondoka chini ya meza. Nikainama kuiokota, tumbo likafika kabla yangu, mguu mmoja wa kiti ukasema kwaheri, nami nikaenda nao. Nikakwama kati ya cherehani na ukuta kama gunia lililosahauliwa kwenye mlango wa stoo. Mke wangu akapiga ukelele, halafu akauliza kama kitambaa cha watu kimechanika. Fundi viatu akavuka barabara na nyundo yake mkononi, akanitazama kwa utulivu sana, akasema hii si kazi ya gundi, aitwe yule anayevuta malori. Mwisho yeye na mwalimu mkuu walinivuta, mmoja mkono huu, mwingine ule, na wale mama wawili wakigeukia ukutani ili wasinicheke usoni. Niliwaona mabega, dada. Mabega yalikuwa yanacheka.

Kesho yake mkamwana, huyu anayefanya kazi posta, aliomba ruhusa ofisini kwake akanipeleka zahanati. Nilimwambia kilichovunjika ni kiti, tukipeleke kwa seremala. Akasema baba, vaa viatu. Mke wangu naye akavaa vya kwake, akasema anakuja kuhakikisha sisemi uongo.

Kule kuna nesi mmoja mdogo wa mwili, sauti ya askari jela. Akanisimamisha kwenye mzani, akaandika tu. Nikamwambia anitajie, mbona mimi watu nawatajia. Akasema nikitaja utashuka kabla sijamaliza. Halafu akachukua futi yake akanizungusha kiunoni, akasema arobaini na tano. Hapo tukagombana. Nilimwambia hii kazi nimeifanya miaka arobaini, kiuno changu ni arobaini na moja, na futi yake bila shaka imefuliwa ikasinyaa. Yangu ilikuwa shingoni, unajua siivui hata nikienda msalani. Akaniambia babu, tuache futi kwanza, lete kidole. Akanitoboa. Sukari juu, presha juu. Akasema nimebahatika, bado kuna nafasi ya kugeuza, lakini nafasi hiyo haina subira.

Akaanza kunihoji. Chai? Nikasema kikombe kimoja. Mke wangu akasema hicho kikombe nyumbani tunakiita jagi. Sukari? Nikasema vijiko viwili. Mke wangu akauliza, vya chai au vile vya kupakulia wali? Soda? Hapo nikajitetea kiungwana. Kila mteja akikaa kwenye benchi langu napenda apate soda, na ni utovu wa adabu kumwacha mgeni anywe peke yake. Nesi akauliza kwa siku wateja wangapi. Nikasema siku nzuri, wanane. Akaweka kalamu chini.

Mazoezi je? Nikamjibu kwa kujidai kwamba mimi ni mtu wa kukanyaga cherehani tangu ujana. Mkamwana akakohoa. Kile kikohozi cha watu waliosoma. Ikabidi niseme ukweli, kwamba miaka sita iliyopita wanangu walinifungia mota, siku hizi nabonyeza kwa kidole gumba cha mguu tu, na nguo nilizokuwa nawapelekea wateja kwa miguu sasa zinapelekwa na pikipiki. Nesi akatikisa kichwa. Akasema kumbe miguu yako ilistaafu, mdomo ukabaki kazini.

Dada, nilikasirika mpaka nikaenda nyumbani nikafungua mkanda wa ile mota. Siku ya kwanza ya kukanyaga, vigimbi vya miguu vililia. Wiki ya pili vikakumbuka kazi. Kreti la soda limeondoka, nimeweka mtungi wa maji na vikombe, na wateja wamenuna weee, wamezoea. Chai nanywa bila sukari. Ukitaka kujua ladha yake, chemsha soksi. Jioni kabla jua halijazama nabeba nguo za watu begani napanda nazo mteremko ule wa shule, nawapelekea mwenyewe. Fundi viatu hunisindikiza. Anasema anakuja ili nikianguka awepo wa kusimulia, lakini tangu aanze ameacha kuhema kama mbwa na mkewe amemsifu, basi haachi. Wali bado nakula, usiogope. Mke wangu ameficha sahani zangu za zamani, ananipakulia kwenye za wajukuu, mboga ikiwa nyingi kuliko wali.

Leo ni mwezi wa nne. Nesi juzi amesema arobaini na mbili. Futi ileile ya kwake, niliyoitukana. Sukari imeshuka, na nimeviona tena vidole vyangu vya miguu. Vimezeeka sana, maskini, nimevipa pole. Nashukuru, dada. Namshukuru yule nesi mkali, namshukuru mkamwana aliyepoteza siku yake ya kazi kwa ajili ya mzee mbishi. Hata kile kiti nakishukuru. Kingevumilia mwaka mmoja zaidi, pengine barua hii ingeandikwa na mtu mwingine, ya aina nyingine.

Sasa nirudi kwenye futi.

Unakumbuka desturi ya chumba changu: mimi napima na kutangaza namba kwa sauti, mke wangu anaandika kwenye daftari. Ulipokuja kupimiwa gauni la harusi ya mwanao, nilikuzungusha futi nikatangaza arobaini na nne kama ninayenadi ng'ombe. Benchi lilikuwa limejaa. Kuna mtu alipiga mluzi, wakacheka wote, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Ulikunja kitambaa chako ukaondoka nacho. Harusini ulikuja na gauni la zamani, ukasimama nyuma, na katika picha zote za siku ile ya mwanao wewe humo. Nimezitazama moja moja. Kuna bega lako katika moja, basi.

Wiki ile nilikata futi yangu kati ya ishirini na mbili na ishirini na tatu, nikaunga hapo kipande cha utepe mweupe cha inchi nne. Nilikishona vizuri, unajua mkono wangu. Pale ndipo futi inapopita mgongoni, mteja haoni. Kila kiuno kikapungua inchi nne bila kuacha hata tonge. Nilipokata kitambaa nikajua mwenyewe kuongeza inchi moja kwenye kila robo, na nguo zikakaa sawasawa. Uliporudi baada ya mwaka nikatangaza arobaini kwa sauti ya benchi zima, ukacheka, ukaniagiza magauni matatu. Kwa kicheko kile, nikaacha kiraka palepale.

Kisha watu wengine nao wakafurahi. Wakasema fundi huyu anaujua mwili wangu. Na mtaa ukawa unanenepa mbele ya macho yangu, dada, mimi ndiye mwenye daftari, mimi ndiye niliyekuwa nashona kaptula za watoto wa darasa la pili kwa vipimo vya darasa la sita. Niliona, nikanyamaza, nikawapa soda. Kwangu mwenyewe nilishona suruali za mpira kiunoni, maana mpira hautaji namba, na nilipojipima nilisoma kilichoandikwa. Miaka ilipita, mkono ukiongeza ile inchi kwa mazoea tu, mpaka nikakisahau kile kiraka. Uongo nilioushona kwa mkono wangu nikauvaa mwenyewe.

Siku ile zahanati ugomvi haukuishia pale nilipokuambia. Tulipokuwa tunatoka nesi aliomba futi yangu, akailaza mezani kando ya yake. Akaipitisha kidole, akakifikia kiraka, akasimamisha kidole hapo. Hakucheka. Aliniuliza tu ni watu wangapi nimewapima kwa hii.

Niliporudi nililitangazia benchi. Mwalimu mkuu alininunia wiki nzima, kisha akarudi, akasema nimpime upya, ila nitaje kwa kunong'ona. Siku hizi namba zote nanong'ona sikioni mwa mwenyewe, na mke wangu anaziandika akiwa amegeuza mgongo. Wote nimewaambia. Wewe tu nilikuogopa. Miezi minne nilikuwa nasema kesho. Ndipo ikaja barua yako.

Kwa hiyo, dada, ile arobaini na mbili ya mwaka juzi ilikuwa arobaini na sita. Hukupungua. Uliongezeka, na mimi nilikuwa naona, na ushahidi unaomfunga mwanao mdomo ni wangu, na ni wa uongo. Kiu ile ni ya kweli. Moto wa nyayo ni wa kweli. Kidonda kisichofunga mwezi mzima hakisubiri sisi tumalize kubishana. Nenda kesho, siyo wiki ijayo.

Ukitaka kunitukana, nitukane ukiwa kwenye foleni ya zahanati, muda unakuwepo mwingi. Lakini ujue kwa nini nilifanya. Tulipokuwa wadogo chakula kikikaribia kwisha sufuriani, ulikuwa unasukuma sahani yako kwangu ukisema umeshiba, umekula kwa jirani. Nilikuja kujua ukubwani kwamba hukuwahi kula kwa jirani yeyote. Ndiyo maana mwili wako ulipojaa, moyoni nilifurahi, nikaona sasa dada yangu ameshiba kweli. Sikuwa na ujasiri wa kuacha namba ikucheke. Wewe ulinidanganya nikapona. Mimi nimekudanganya, na nataka upone pia, ndiyo maana naacha.

Ndani ya bahasha utakuta vitu viwili. Kimoja ni futi mpya, nimeilinganisha na ya nesi mara mbili. Kingine ni kile kipande cha utepe cha inchi nne, nimekifumua mwenyewe. Kitupe au kifungie kidonda, shauri yako. Mpe mwanao futi akupime, mfunge mlango, asitangaze, kisha mkaanze foleni pamoja. Namba uniandikie mimi, kwa herufi ndogo. Mwezi ujao nakuja, na kutoka stendi hadi kwako natembea kwa miguu. Nikifika nataka tupige picha, wewe mbele, mimi bega tu.

Msalimie mwanao, mwambie mjomba anasema alisema kweli. Wasalimie wajukuu na wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia wasalimie, ili waone aibu. Mungu akutunze mpaka nifike, na baada ya hapo aendelee.

Ni mimi mdogo wako uliyemlisha,

Kijiti
(jina ulinipa wewe, nesi aliposikia ndipo alipocheka)